Binti yangu anauliza "leo kuna buku?"

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina binti wa miaka 9, tunakaa Pasua hapa Moshi, na kila Jumamosi huwa tunapanda Kibosho kwa bibi yake. Zamani akifika tu anakimbilia bandani, anakata majani, anamkatiakatia ndama mgomba, hata kula anasahau. Baba yake kwa kufurahi akamwambia kila mzigo wa majani nakupa buku, yaani elfu moja. Sa hivi tukifika anakaa kwenye kochi anauliza "leo kuna buku?" na bibi yake roho inamuuma. Kwenye kikao cha wazazi walituelezea motisha ya ndani na thamani ya ndani ila sikuelewa. Tumemharibu mtoto?
Mama, Pasua

JIBU: Marahaba mwanangu. Hamjamharibu, ila hilo buku limemnyang'anya kitu. Motisha ya ndani ni pale unapofanya jambo kwa sababu lenyewe linakunogea, hakuna anayekusukuma wala kukulipa, ndo hiyo iliyokuwa inamkimbiza bandani. Ya nje ni buku, zawadi, fimbo. Ukishaahidi malipo kwa kitu ambacho mtoto alikuwa anakipenda tayari, anaanza kujiona anafanya kwa ajili ya hela, sa hela isipokuwepo na hamu nayo inaondoka.

Hili limepimwa kabisa. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake, kwenye chekechea ya Stanford kule Marekani, walichukua watoto wa miaka 3 mpaka 5 wanaopenda kuchora. Kundi moja likaahidiwa cheti chenye utepe wakichora, lingine likapewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa, la tatu halikupewa kitu. Baadae kalamu zikawekwa mezani bila ahadi yoyote, na wale walioahidiwa walichora kama nusu tu ya muda wa wenzao, wakati walioshtukizwa hawakupungua. Kwa hiyo kinachouma sio zawadi, ni ile "ukifanya nakupa".

Hela sio mbaya jamani. Mpagazi anayewabebea wageni mizigo Kilimanjaro lazima alipwe, tena vizuri, na kazi ambayo mtoto hakuipenda toka mwanzo ukimpa chochote huui hamu maana haikuwepo.

Thamani ya ndani sasa, ni pale kitu kina thamani chenyewe, sio kwa sababu ya kile kinachokuletea. Kahawa ya bibi thamani yake ni bei, ikishuka watu wanang'oa mibuni wanapanda kingine. Lakini kihamba, lile shamba la ukoo alipozikwa babu, mtu aje na mamilioni yake, bibi atamkaribisha mbege tu aende zake. Kant, yule mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika mwaka 1785 kwamba chenye bei unaweza kukibadilisha na kingine, ila kilicho juu ya bei yote kina hadhi yake chenyewe, na hapo ndo alipomweka binadamu. Ule muda wa binti yako na bibi yake bandani mi naona hauna bei, na baba yake aliuwekea bei bila kujua.

Sa msimkatie hela kwa hasira ataona ameadhibiwa. Baba ampe ya matumizi kila wiki, isihusiane na majani kabisa. Mkifika Kibosho bibi asimtume, amuulize tu "leo ndama tumpe majani au mgomba?" kwa sababu mtoto akichagua mwenyewe na akajiona anaweza, hamu inarudi taratibu. Akikaa kwenye kochi wiki mbili tatu muacheni. Na huyo ndama kama bado hana jina, binti ndo ampe.