Kuchagua fani ya ufundi Dodoma, na kuhitimu bila cheti kukwama

Msimu wa fomu za kujiunga ukifika, swali la kwanza kwa wazazi wengi ni fani gani ina hela. Ni swali la haki, ila limewahi. Linalotakiwa kutangulia ni hili: kijana akishashika cheti cha fani hiyo, kesho yake asubuhi ataruhusiwa kufanya nini, na nini bado hataruhusiwa? Fani mbili zinaweza kuchukua muda uleule na ada ileile, lakini moja ikamfikisha kazini moja kwa moja na nyingine ikamwachia hatua mbili mbele.

Chukua umeme wa majumbani, fani inayokimbiliwa sana. Cheti peke yake hakimpi mtu haki ya kusaini kazi. Nyumba mpya ikitaka kuunganishwa na TANESCO, kazi ya kutandaza waya lazima isimamiwe na mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na leseni hiyo ina madaraja yanayopanda kwa cheti na uzoefu. Kwa hiyo anayechagua umeme apange tangu mwanzo kwamba baada ya chuo atakaa kwanza chini ya fundi mwenye leseni, akusanye kazi zenye kumbukumbu, kisha aombe leseni yake. Ushonaji hauna mlango huo. Mwenye cherehani na mkono mzuri anaanza siku hiyohiyo, na soko ndilo linalompima. Ufundi magari uko katikati: hakuna leseni ya kukaza boliti, lakini bila vifaa na gereji ya kusimamia utakuwa saidia fundi kwa muda mrefu.

Sasa tazama mji. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na tangu Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji mwaka 2018, ujenzi haujapumzika, kuanzia Mji wa Serikali wa Mtumba hadi viwanja vya pembezoni. Ndiyo maana vijana wengi wanaandika uashi au umeme bila kufikiri mara mbili. Hakuna ubaya. Lakini ufundi bomba unadharauliwa bure, na hapa kwetu ndio wenye kazi nyingi zinazofanywa vibaya. Mkoa ni mkavu, nyumba nyingi zinaishi kwa tangi. Tangi likikaa juu ya mnara wa mita 3, presha inayofika kwenye bomba la chini ni takriban baa 0.3, kwa sababu kila mita 10 za kimo hutoa baa 1 hivi. Mwenye nyumba ananunua hita ya bafuni, inagoma kuwaka, anamlaumu muuza duka. Kumbe ni presha. Fundi anayejua hesabu hiyo, anayejua pampu ya kuongeza presha inafungwa wapi na vali ya kuzuia maji kurudi inaelekezwa upande gani, hakai bila simu. Majokofu na viyoyozi ni fani nyingine ya kufikiria, maana kila jengo la ofisi linalomalizika lina viyoyozi vya kusafishwa na kujazwa gesi. Kwa anayetoka Kongwa, Kondoa au upande wa Singida na anataka kurudi nyumbani, uchomeleaji na ufundi mitambo una maana zaidi: mashine za kukamua alizeti, za kusaga na matrela ya matrekta yanaharibika kila msimu, na fundi yuko mbali.

Ukishapata fani mbili unazozipenda, nenda chuoni kabla ya kujaza fomu. Usiishie ofisini, omba kuonyeshwa karakana. Hesabu mashine zinazofanya kazi, kisha uliza darasa lina wanafunzi wangapi. Mashine 4 za kuchomelea kwa wanafunzi 40 maana yake wewe utashika mara moja kwa kila zamu kumi, na mkono wa uchomeleaji haujengwi kwa kutazama. Tupia macho pipa la chuma chakavu: likiwa limejaa vipande vilivyochomelewa na kukatwa tena, wanafunzi wanafanya mazoezi. Uliza kama elektrodi (vijiti vya kuchomelea), saruji, waya na mbao za mazoezi ziko ndani ya ada au utachangia. Ada ya vyuo vya VETA vyenyewe, yaani vya mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, imekuwa nafuu kwa miaka, shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kutwa na 120,000 kwa bweni, lakini ovaroli, buti, seti ya vifaa na nauli ya fildi (mazoezi ya kazini) havimo humo, na hivyo ndivyo vinavyowatoa vijana njiani katikati ya mwaka.

Swali la mwisho la kuuliza chuoni ndilo zito kuliko yote: fani hii, kwa ngazi hii, imeidhinishwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi? Uliza kwa maneno hayohayo. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali na bado fani mpya iliyoongezwa juzi ikawa haijaidhinishwa, au ikawa imeidhinishwa kwa ngazi ya kwanza tu huku tangazo likisema hadi ya tatu. Ukiingia hapo, ujuzi utaupata, cheti cha taifa hutakipata.

Kuhusu ngazi, kuna mkanganyiko unaorithiwa nyumbani. Zamani kulikuwa na majaribio ya ufundi ya madaraja, ambapo daraja la tatu lilikuwa la chini na la kwanza la juu. Mfumo wa sasa wa tuzo za taifa, NVA, umegeuzwa: ngazi ya 1 ndiyo ya kuanzia na ya 3 ndiyo ya juu. Baba aliyefanya jaribio la daraja la kwanza miaka hiyo anaposikia mwanawe ana ngazi ya kwanza, anadhani amemaliza. Hajamaliza. Ngazi ya 1 inamwezesha kufanya kazi chini ya usimamizi. Anayetaka baadaye kuendelea na stashahada katika chuo cha ufundi ajue kwamba ngazi ya 3 ndiyo inayofungua njia hiyo, na kwamba kila chuo kinaongeza masharti yake, mara nyingi ya ufaulu wa kidato cha nne. Kwa hiyo kijana aliyefaulu Hisabati na Fizikia asiwe na haraka ya kutupa matokeo yake ya sekondari kabatini.

Kwa wanaoanza sekondari kuna mkondo wa amali, ulioingia na mitaala mipya kuanzia kidato cha kwanza cha 2024. Humo mwanafunzi anasoma fani pamoja na masomo ya jumla kama Hisabati na Kiingereza, na anapimwa pande zote mbili, elimu ya jumla na ujuzi. Kosa la kawaida ni kudhani kuwa amali ni mahali pa asiyependa kusoma. Mzigo wake ni mkubwa kuliko wa mkondo mwingine, na anayebweteka kwenye masomo ya jumla anajifungia milango ya mbele.

Tuje kwenye kuhitimu. Wanafunzi wengi wanafikiri kuhitimu ni mtihani wa mwisho. Mtihani ni kipande. Kuna tathmini endelevu ya kila sehemu ya ujuzi, kuna mahudhurio, kuna fildi na kitabu chake, kisha ndiyo nadharia na vitendo vya mwisho. Mafunzo haya yanapima umahiri: kwa kila ujuzi unaonekana umemudu au hujamudu. Alama nzuri za kutengeneza dirisha hazifidii mlango ulioshindwa. Kila mwisho wa muhula mwombe mwalimu wa fani muda wa dakika kumi, mpitie orodha ya ujuzi wa ngazi yako, utie alama ulizomudu na ulizobakiza. Anayegundua mwezi wa mwisho kwamba hajapimwa kupinda bomba, atakuta karakana imeshafungwa kwa ajili ya mtihani.

Masomo mtambuka ndiyo yanayowaangusha wenye mikono mizuri. Mtu anachomelea kama fundi wa miaka kumi, lakini hakuingia kipindi cha michoro ya kiufundi hata mara tano. Kwenye vitendo anapewa mchoro wa skeli ya 1:100, anapima milimita 45 kwenye karatasi, halafu hajui kwamba huo ni ukuta wa mita 4.5. Kazi yote inayofuata inaharibikia hapo. Michoro, hesabu za ufundi, Kiingereza cha fani na ujasiriamali vipe vipindi vyake kamili. Michoro hasa ifanyie mazoezi nyumbani kwa kupima chumba chako kwa futikamba na kukichora kwa skeli mbili tofauti.

Kwenye vitendo vya mwisho, mpimaji anaangalia njia yako, siyo kitu kilichokamilika peke yake. Kwa umeme, wengi hupoteza kwa kuwasha kabla ya kupima. Mfuatano ni huu: kwanza mwendelezo wa waya, kisha ukinzani wa insulesheni (ganda la waya) kwa volti 500 usiopungua megaomu 1, kisha uelekeo, yaani kama waya wa moto na nyutro viko mahali pake, na ndipo umeme uingie. Hakikisha swichi imekata waya wa moto, siyo nyutro. Taa itawaka kote kuwili, ndiyo maana kosa hilo halionekani kwa macho, lakini anayebadilisha balbu anabaki hatarini. Udongo mkavu wa Dodoma nao una somo lake: nondo ya ethi, ile ya kupeleka umeme ardhini, iliyochomekwa kiangazi inatoa ukinzani mkubwa, kwa hiyo jifunze kupima badala ya kuamini kwamba ikishakuwa ardhini imetosha.

Kwa uchomeleaji, elektrodi ya milimita 3.2 ya chuma laini hutaka ampia 90 hadi 130 hivi. Ukizidisha, kingo za mshono zinaliwa. Ukipunguza, chuma hakiingiliani na mshono unakaa juu kama nta. Vitundu kwenye mshono mara nyingi vinatokana na elektrodi iliyopata unyevu au chuma kisichosafishwa kutu na rangi. Dakika tano za brashi ya waya zinaokoa alama nyingi. Kwa uashi, jua na upepo wa hapa ndio adui. Tofali kavu linafyonza maji ya udongo wa saruji kabla haujashika, kwa hiyo linyunyizie kwanza, piga timazi kwenye kona kila baada ya kozi (mistari ya tofali) chache, na mwagilia kazi yako siku saba. Anayesubiri ukuta umalizike ndipo apime, atapewa ukuta uliopinda na saa moja ya kuubomoa.

Fildi ianze kutafutwa angalau miezi miwili kabla. Barua ya chuo, namba za simu za chuo, na mahali panapofanya fani yako kweli. Mwanafunzi wa bomba anayepelekwa kubeba zege wiki zote hana cha kuandika. Angalia umbali pia: mtu anayeishi Nkuhungu akapangiwa Ihumwa atalipa daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na siku nauli ikikata, mahudhurio yanakatika nayo.

Kitabu cha kumbukumbu kijazwe kila jioni, kisainiwe kila wiki. Kosa linalojirudia ni kukijaza chote wiki ya mwisho, wino mmoja, maneno yaleyale, na kukuta msimamizi amehamia mradi mwingine. Sahihi ya mtu aliyeondoka haipatikani kwa simu. Andika kazi kwa kiasi. "Nilifanya waya" haisemi kitu. "Nilivuta waya wa milimita za mraba 2.5, mita 60, nikafunga soketi 6, msimamizi akanirekebisha urefu wa soketi mbili" inaonyesha ulikuwepo na ulijifunza. Kipige picha kila Ijumaa, kwa sababu vitabu hivi hulowa, hupotea na huibwa pamoja na begi.

Bado kuna jambo dogo linalozuia vyeti kuliko hata kufeli, nalo ni majina. Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kinasema Juma Hamisi, cha kidato cha nne kinasema Juma Hamis, na fomu ya chuo imeandikwa Jumaa H. Cheti cha fani kitatoka kwa jina lililosajiliwa kwenye mtihani. Weka karatasi zote mezani siku ya kujiunga, linganisha herufi kwa herufi. Kama zinatofautiana, shughulikia mapema: kasoro ndogo ya herufi mwone msajili wa chuo, tofauti kubwa ya jina itahitaji hati ya kisheria kupitia kwa wakili. Majina ya usajili wa mtihani yakibandikwa ubaoni nenda kayasome mwenyewe, usimtume rafiki. Hapo marekebisho ni kalamu tu. Yakishachapwa kwenye cheti ni safari na miezi.

Ada ikibaki, hata elfu ishirini, matokeo yanaweza kushikiliwa, kwa hiyo tunza kila risiti kwenye bahasha moja na uombe taarifa ya malipo yako kabla ya kwenda fildi. Siku ya kuchukua cheti, nenda na kitambulisho, kisome chote pale dirishani: jina, fani, ngazi, mwaka. Ndipo utie sahihi kwenye daftari la kupokelea.