Kupiga picha tando za buibui Mwanza: tafuta giza kwanza

Mara ya kwanza nilikwenda jioni, maana jioni ndiyo saa ambayo Mwanza nzima hupiga picha. Jua linazama ziwani, Bismarck Rock, lile jiwe la majini, imekaa pale kama imepangwa kwa mkono, kila mtu na simu yake. Utando niliuona kwenye kichaka kando ya maji, mzima, umetanuka kama ungo. Nikapiga picha sabini na kitu. Kufika nyumbani nazifungua: maji yanang'aa, mawe yapo, kichaka kipo, utando haupo. Kwenye picha mbili hivi ulionekana kama mkwaruzo wa kioo cha simu.

Nikailaumu simu. Nikaazima kamera ya shemeji yangu, nikarudi jioni palepale, na picha zikatoka vilevile, ila safari hii zilijaza kadi.

Kosa langu lilikuwa nyuma ya utando. Uzi wa buibui ni mwembamba kuliko unywele mara nyingi, na unang'aa. Nyuma yake mimi nimeweka ziwa linalong'aa. Cheupe juu ya cheupe utaona nini? Siku hizi nikifika sehemu sianzi kutafuta buibui. Natafuta giza kwanza, halafu naangalia kama kuna utando uliojitandaza mbele ya giza hilo.

Na kwa giza, sisi wa Mwanza tumebarikiwa mawe. Chukua Luchelele, ufukweni, ambako mimi hupenda kwenda. Asubuhi jua linatoka upande wa nchi kavu, kwa hiyo uso wa jiwe unaotazama ziwa bado umelala kivulini, mweusi kama chungu. Ukilipa ziwa mgongo na kulitazama jiwe, unatafuta utando uliochomoza mita moja au mbili mbele yake, mahali ambapo jua linachungulia pembeni mwa jiwe na kuugonga. Hapo ndipo utakapoona ajabu: ukikaa hapa hakuna kitu, ukisogea hatua moja kushoto gurudumu zima linawaka. Mwanga unatakiwa utoke mbele yako, kwa pembe, ukupitie karibu na bega. Jua likiwa mgongoni kwako utando unafifia, hata uwe mkubwa namna gani. Lenzi nayo uikinge kwa kiganja isipigwe na jua moja kwa moja, na uifute. Alama ya kidole kwenye lenzi ya simu inatosha kugeuza picha nzima ukungu.

Muda ni mchache. Kwetu jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta halipandi kwa kubembeleza, linapanda wima. Mimi hujihesabia dakika arobaini za mwanga mzuri. Halafu kuna upepo. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, alfajiri unatulia, na kufika saa tatu au saa nne ule wa ziwani unaanza kuingia. Utando ukishaanza kupumua, fokasi, yaani ule ukali wa picha, imekwisha. Isitoshe buibui wengi wa tando za mviringo husuka upya usiku, wengine wakila nyuzi za zamani, kwa hiyo alfajiri unaukuta mpya. Saa nne una matundu kama neti ya bwenini.

Siku moja nimepiga magoti mbele ya utando mmoja hapo karibu na mwalo wanakoshusha samaki, mama mmoja anaanika dagaa kwenye chanja akanitazama weee, mwisho akashindwa.

"Mwanangu, umepotelewa na nini?"

"Shikamoo mama. Sijapotelewa, napiga picha utando huu."

"Marahaba. Utando? Si uchafu huo? Mimi wa kwangu nyumbani kila Jumamosi naufagia."

Nikamwonyesha kwenye simu. Akaivuta karibu na macho, akakaa kimya kidogo, akasema, "Basi ungekuja wiki ijayo. Mwezi ukiwa giza wadudu wa ziwani wanapanda kama moshi, hao buibui wanashiba mpaka nyuzi zinainama."

Alikuwa sahihi, nami nilipaswa kulijua hilo. Wadudu wale hupanda kwa wingi siku za kuzunguka mwezi mwandamo, na wavuvi wa dagaa nao hufanya kazi na taa zao kwenye giza hilohilo, halafu mbalamwezi ikija wanapumzika. Kwa hiyo kalenda yangu ya picha sasa ni ya dagaa. Nikitaka utando uliojaa, kila uzi na mdudu wake, naenda wakati wavuvi wako kazini. Nikitaka utando msafi, wa mistari mitupu, nasubiri mbalamwezi.

Kwa mwenye simu, tatizo kubwa ni fokasi. Simu haiuoni utando, inaona jiwe nyuma. Weka kidole chako kando ya utando, umbali uleule, bila kuugusa. Kwa mkono mwingine bonyeza kwenye kioo cha simu pale kidole hicho kinapoonekana, na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, kisha ondoa mkono na upige. Halafu punguza mwanga: kwenye simu nyingi unateleza kidole kushuka chini. Simu ikiona giza hudhani imekosea na kuling'arisha jiwe mpaka linakuwa kijivu, na kazi yako yote imekufa. Mwenye kamera afanye hivyohivyo kwa kushusha mwanga hatua moja au mbili, aweke fokasi ya mkono, na kasi ya shata (ile inayofungua na kufunga njia ya mwanga) isiwe chini ya 1/250 ya sekunde, kwani hata utando uliotulia unatetemeka. Mimi hukaa kwenye f/8, namba ya upana wa tundu la lenzi. Uso wa lenzi uwe sambamba na utando kama sahani mbili zinazotazamana. Ukiinamisha kidogo, nusu inakuwa kali na nusu uji.

Ujanja wa kunyunyizia maji kwa chupa ili upate umande wa bandia nimeujaribu, siupendi. Buibui mwenyewe alikuwa yule wa mistari ya njano anayekaa katikati kichwa chini, miguu miwili miwili kama herufi X, na chini yake kasuka zigizaga nyeupe. Nilipompulizia maji akautikisa utando kama mtu anayekung'uta shuka, halafu akajiangusha kwenye majani. Nikabaki na utando mtupu wenye matone makubwa, yote yamekaa kama shanga za plastiki. Umande wa kweli ni mdogo kuliko hapo na haulingani.

Umande huo mzuri kabisa nimeupata kwenye uzio wa minyaa. Kuna buibui wanaoishi humo kwa ujirani, tando zao zimelala kama kitambaa cha chandarua juu ya mtandao wa nyuzi. Hawa hawasuki upya kila siku, kwa hiyo kiangazi tando zao zimejaa vumbi na hazina maana. Nenda asubuhi baada ya mvua ndogo. Ila usivunje tawi la mnyaa kujipatia nafasi: ule utomvu mweupe ukiingia jichoni utakiona cha moto.

Na usiingie majini kutafuta pembe. Mimi niliingia, maji ya magotini tu, kwenye matete, kwa ajili ya utando mmoja ambao hata haukutoka vizuri. Nikaishia kupimwa kichocho na kumeza dawa. Kama pembe iko majini, achana nayo.

Kuna kitu kimoja kilichonisumbua muda mrefu: rangi. Kwa macho unaziona, kijani, zambarau, nyekundu, zinateleza kwenye nyuzi jua likizigonga, kwa sababu uzi mwembamba kiasi hicho huutawanya mwanga kuwa rangi zake. Kwenye picha kali zinapotea. Nilizipata kwa bahati, mkono ulipoteleza kwenye pete ya fokasi. Sasa nafanya makusudi: nafungua lenzi mpaka namba yake ndogo kabisa, nasogea karibu, nauinamia utando kwa upande badala ya kuutazama uso kwa uso, halafu naharibu fokasi kidogo tu. Kila uzi unanenepa na kuwa utepe wa upinde wa mvua. Katika picha ishirini inatoka moja, na mara nyingi ni ile niliyokuwa nimekaribia kuifuta.