Michuki Park: usiulize siku, uliza saa

Dada aliyeanzisha uzi ameuliza mambo mawili: kama Michuki Park, pale kando ya Mto Nairobi, panafaa kwa mtu mwenye watoto wawili, na kama anaweza kumfanyia mdogo sherehe ya kuzaliwa hapo. Nimesoma majibu. Mmoja anasema ni peponi, mwingine anasema ni makao ya wezi. Nyote mmefika, ila mlifika saa tofauti.

Mimi nauza vifuniko vya simu Ngara, na tangu bustani ipambwe upya mwaka 2020 naenda kula chakula cha mchana pale mara mbili au tatu kwa wiki. Wa zamani mnajua upande ule wa Kijabe Street ulivyokuwa: mafundi wa magari, waosha magari, mafuta meusi ya injini, na taka juu ya taka. Jina ni la hayati John Michuki. Wengi tunamkumbuka kwa sheria za matatu za 2004, mikanda na ule mstari wa njano, ilhali ndiye pia aliyeushikilia mto huu usafishwe alipokuwa waziri wa mazingira.

Asubuhi, saa mbili hadi saa nne, mabenchi ni ya watu walioingia mjini mapema kuliko walivyohitajika. Utawajua kwa bahasha ya kaki. Siku moja kijana mwenye suti iliyompwaya mabegani aliniomba, "Buda, nisikilize dakika mbili tu." Akasimama mbele yangu, mikono nyuma, akaanza kujieleza kama anaongea na jopo: jina, shule, nguvu zake, udhaifu wake. Udhaifu wake, alisema, ni kufanya kazi kupita kiasi. Nikamwambia hiyo aitoe, watacheka. Akatoa kalamu akaikata kwenye karatasi kwa mstari mmoja ulionyooka, akaniuliza aweke nini badala yake. Tulikaa hapo tukitafuta udhaifu unaofaa mpaka chai yangu ikapoa.

Saa saba mchana ni yetu sisi. Viatu nje, soksi juu ya nyasi, chapo madondo, yaani chapati na maharagwe, ndani ya mkebe, watu wamelala chali na gazeti usoni. Hakuna anayemsumbua mwenzake. Kwangu hiyo ndiyo saa bora kuliko zote, kwa sababu katikati ya jiji hili kukaa chini bila kununua kitu ni anasa.

Jumamosi mchana ni ya picha. Maharusi, wanafunzi, na kwaya. Lo, kwaya! Niliwahi kuitazama kwaya yenye sare ya kitenge ikirekodi video kando ya mianzi. Mpiga video alirudisha ubeti uleule mara tisa, kwa sababu mama mmoja wa sauti ya kwanza kila mara alikuwa anatazama kamera badala ya kutazama mbinguni. Ukienda saa hiyo na watoto, jiandae kuambiwa usogee.

Sasa mto wenyewe, ambao kwenye picha huwa hauonekani. Usidanganywe na maua. Maji yanatoka kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu yakiwa na afya yao, lakini kabla hayajafika mjini yameshapokea mifereji ya kila aina. Mvua ikinyesha yanapanda na rangi ya kahawa na chupa za plastiki zikifukuzana juu yake. Jua likiwaka siku tatu, harufu inakufikia ukiwa benchi. Mwaka 2025 serikali ilizindua kazi kubwa ya kufufua mito ya Nairobi, na mimi naiombea heri, ila watoto wako wasiguse maji. Wangu anaridhika kutupa kijiti. Nilimweleza kinapokwenda: Grogan, Gikomba, Dandora, kiingie Athi, halafu Galana na Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Akaniuliza kama shangazi yake wa Malindi anaweza kukiokota akitunzie.

Kuhusu wezi: simu yangu ilinyakuliwa kweli, lakini nje, nikingoja kuvuka barabara upande wa Globe, simu sikioni kama mgeni. Ndani sijapoteza kitu. Ila giza likikaribia mimi siko. Saa kumi na mbili isikukute kwenye vichochoro vya kando ya mto, hasa na watoto.

Kwa hivyo kuwatembeza watoto, ndiyo, nenda Jumapili asubuhi kabla jua halijachachamaa. Sherehe ya kuzaliwa, hapana. Eneo ni jembamba, limefuata mto, na kelele za barabara hazikomi. Kwa keki na mikeka nenda Arboretum kule State House Road. Ilianzishwa 1907, ina hekta 30 hivi za miti, na mto Kirichwa Kubwa unapita pembeni. Chagua tu mahali mbali na wanaoomba. Katikati ya wiki utakuta watu wanatembea peke yao chini ya miti wakisema na Mungu kwa sauti, na si adabu kuwaimbia nyimbo za keki.

Na chakula kifungieni ndani ya ndoo yenye kifuniko. Sisi mwaka jana tulitandika leso, tukapanga sambusa, mke wangu akageuka kutafuta kiberiti cha mishumaa. Kima akashuka, akachukua mkate mzima wa siagi, akarudi juu ya tawi, akaanza kufungua karatasi polepole kama mtu aliyelipia. Watoto walipiga makofi. Keki ilibaki, lakini hakuna aliyekuwa akiitazama tena.