Trei mbili za Magamba

Mhariri,

Swali lenu la juma lilikuwa: mtu afanye nini ili awe hodari wa kutatua matatizo ya kila siku? Naomba nijibu swali lililo jirani yake, kwa sababu ndilo linalonichoma kama mwalimu wa fizikia: kwa nini mtu aliyesoma hukataa jambo ambalo angeweza kulipima kwa saa moja na nusu?

Mfano tunao hapa hapa nyumbani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Magamba, Lushoto. Wanafunzi walizoea kutengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa finyu, ya kugombania. Mwenzake mmoja akaruka hatua ya kuchemsha, akakoroga sukari kwenye maziwa ya baridi na kuwahi nafasi. Mpemba akaona atakosa, akaiingiza trei yake maziwa yangali moto. Baada ya saa moja na nusu, yake ilikuwa imeganda. Ya mwenzake ilikuwa bado uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani.

Wauza aiskrimu wa mjini Tanga hawakuona ajabu yoyote. Walimwambia wao huweka mchanganyiko ukiwa moto, kwa kuwa huganda upesi. Mpemba alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, wakawa wanasoma mada ya joto na kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likalidaka neno hilo. Tangu siku ile akikosea hesabu, ni hesabu ya Mpemba.

Kinachonigusa ni alichofanya baada ya kuchekwa. Alasiri moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi, hakuna mwalimu. Akachukua bika, yaani vikombe vya maabara, mbili ndogo za sentimita za ujazo 50, moja akaitia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friza. Baada ya saa moja hakuna iliyoganda yote, lakini barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye bika ya maji ya moto. Basi Dk. Denis Osborne alipokuja kuzungumza nao kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, kijana hakusimama na malalamiko. Alisimama na vipimo: vyombo viwili vya kufanana, maji ya kiasi sawa, kimoja nyuzi 35, kingine nyuzi 100; cha nyuzi 100 hutangulia kuganda, kwa nini? Osborne akamuuliza kama amelifanya jambo hilo mwenyewe. Amelifanya. Akaahidi kulijaribu.

Huko Dar es Salaam fundi wa maabara aliripoti kwamba kweli maji ya moto yametangulia, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Sentensi hiyo ingebandikwa kwenye kila chumba cha walimu nchini. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha kazi yao pamoja.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuishia hapo, lawama zote ziwe juu ya mwalimu. Lakini tuzitazame zile trei kwa haki. Hazikutofautiana kwa joto peke yake. Moja ilichemshwa na nyingine haikuchemshwa, na kuchemsha huondoa hewa iliyomo na kupunguza maji. Tena chombo cha moto kikikaa juu ya theluji ya friza huiyeyusha, kikagusana vizuri na ubaridi wa chini. Osborne aliliona hili la mwisho, ndiyo maana bika zake, za maji sentimita za ujazo 70, zilikaa juu ya kipande cha povu gumu. Na mwaka 2016 Burridge na Linden, wakichunguza upya jambo hili Uingereza, walionyesha kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini, unaweza kuliona jambo ambalo halipo. Ubishi haujaisha. Kwa hiyo mwalimu wa Magamba huenda hakuwa mbali na ukweli wa fizikia. Kosa lake lilikuwa kufunga mlango.

Nyumbani kosa huja kwa upande wa pili: tunapima ovyo. Chukua LUKU, umeme wa kulipia kabla. Yuniti zinaisha haraka, basi siku moja friji linazimwa, balbu zinabadilishwa, pasi inapigwa marufuku. Yuniti zinakaa, na hakuna anayejua mla umeme alikuwa nani. Badilisha kitu kimoja tu. Kwanza zima swichi kuu. Taa ndogo ya mita ikiendelea kupepesa, kuna umeme unachukuliwa kati ya mita na swichi. Usiguse nyaya, waite TANESCO, shirika la umeme. Ikitulia, washa kitu kimoja na uhesabu kwa dakika sita. Mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh hupepesa mara 1000 kwa yuniti moja, kwa hiyo mipepeso 10 kwa dakika sita ni yuniti 2.4 kwa siku nzima. Friji usilipime hivyo, maana mashine yake huwaka na kuzima, na dakika sita zitakudanganya. Liache peke yake usiku, andika yuniti saa nne, soma tena saa kumi na mbili asubuhi. Likila sana, bana karatasi kwenye mlango wake. Ikichomoka bila kukaza, mpira umechoka.

Sasa naona jibu langu limegeuka. Nilitaka kusema pima, usimsikilize mwalimu. Nasema msikilize kwanza, kwa sababu kanuni ndiyo inayokuonyesha ni kipi kinachoweza kuharibu kipimo chako. Kisha pima, hata akicheka. Na si kila jambo ni la kujaribiwa nyumbani. Mtoto akiwa na homa usimpe dawa hii leo na ile kesho ili uone ipi itafaa. Mpeleke kituo cha afya. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 20. Mtungi wa gesi ukinuka, funga valvu, fungua madirisha, usiguse swichi ya taa wala kiberiti. Harufu ikishaisha, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira, fungua valvu kidogo bila kuwasha jiko, na utazame ni wapi mapovu yanafura.