Mafumbo kwenye intavyuu: ongea, usinyamaze

Juzi dogo mmoja msomaji wangu kanitumia meseji, ametoka intavyuu Posta, kaulizwa kwa nini mifuniko ya chemba ni ya duara. Ananiuliza, "kaka, hivi hii inahusiana nini na uhasibu?"

Haihusiani, dogo. Jibu wanalotaka ni kwamba duara haliwezi kutumbukia kwenye shimo lake hata uligeuze vipi, wakati wa mraba ukiusimamisha ukaupitisha kona kwa kona unazama. Basi. Hili Microsoft ndo walilipa umaarufu, Google nao wakaja na mipira ya gofu mingapi inajaa kwenye basi la shule, halafu mwaka 2013 bosi wao wa ajira Laszlo Bock akaiambia New York Times kwamba maswali hayo ni kupoteza muda, hayatabiri chochote, yanamfanya tu anayeuliza ajione ana akili. Wenyewe wameshatupa, sisi ndo kwanza tunaokota.

Na mimi yamenikuta. Paneli ya watu watatu, mzee wa katikati ananisomea kwenye simu yake: watu wanne usiku, tochi moja na bila tochi huvuki, daraja linabeba wawili tu, mmoja anavuka kwa dakika 1, mwingine 2, mwingine 5, wa mwisho 10, wawili wakienda pamoja mwendo ni wa yule mzito wa kutembea. Wote wavuke kwa dakika ngapi? Nikasema 17. Akatabasamu, "ni 19 kijana, huyu wa dakika 1 anamsindikiza kila mtu." Nikamwambia hapana mzee, wa 1 na wa 2 watangulie, wa 1 arudishe tochi, hapo ni 3, wazito wawili waende pamoja inakuwa 13, wa 2 aliyebaki ng'ambo arudi, 15, kisha amchukue mwenzake, 17. Wenzake wakaangaliana, yeye akafunga faili. Kazi sikupata, na sasa hivi naongoza watu wengi kuliko waliokuwepo ofisi ile nzima, lakini ile "kijana" yake bado inaniuma bwana.

Ushauri wangu ni ongea. Usikae unatoa macho kwenye dari, fikiri kwa sauti, sema nachukulia hivi na hivi, uliza kama basi lile la mipira lina viti au vimeng'olewa, sema unapoelekea hata kama hujafika. Vijana wengi mnakariri majibu halafu mnayatapika, Mungu hakukupa mdomo uupeleke intavyuu ukaufunge, eleza! Na ukiwa na haki usikubali 19 ya mtu eti kwa sababu kakaa kiti cha katikati.

Dogo, najua Alhamisi una nyingine Masaki. Leo fanya hili: mipira 8, mmoja mzito kidogo kuliko mingine, mizani unapima mara mbili tu, uupate huo mzito. Ukipata usinitumie jibu, nitumie voisi unanieleza ulivyofika.