Mama, Unaua Nyoka? Kwa Wewe Unayeanza Gofu Ukubwani

Nilishika fimbo ya gofu kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 43. Ofisini kwetu kulikuwa na bonanza la hisani, jina langu likaandikwa kwenye orodha bila mimi kuulizwa, na nikaona aibu kulitoa. Siku tatu kabla ya bonanza nikaenda kiwanjani jioni, nikapewa kedi, yaani mbeba fimbo wa mchezaji, mzee wa rika la baba yangu mdogo. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akaweka mpira chini akasema, "Piga." Nikapiga hewa. Nikapiga tena, nikachimba ardhi. Mara ya nne akaniuliza taratibu, wala hakucheka: "Mama, unaua nyoka?"

Miaka mitano imepita na bado najiuliza swali hilo kabla sijainua fimbo. Mtu mzima akiona kimpira kimetulia mbele yake, kisichozidi gramu 45.93, anadhani kinachotakiwa ni nguvu. Tena ukiwa na wadhifa kazini ndiyo unazidi, maana umezoea kusema jambo likafanyika. Unakaza meno, unakaza mabega, unashika fimbo kama mchi wa kutwangia. Matokeo yake mpira unakwenda hatua kumi, au hauendi kabisa.

Shika fimbo kama unavyoshika mkono wa mtoto mnapovuka barabara: asikuponyoke, na usimuumize. Kisha iache fimbo ifanye kazi yake. Uso wake umelazwa kidogo makusudi, na kulazwa huko ndiko kunakoinua mpira. Hili lilinichukua miezi kulielewa. Sisi wanafunzi tunataka kuusaidia mpira upande, tunauchota kama uji kwa upawa, fimbo inagonga utosi wa mpira, nao unatambaa kwenye nyasi kama panya. Ukitaka mpira upande, piga ukiwa bado unashuka, mpira uguswe kwanza na nyasi baadaye. Najua inasikika kinyume. Jaribu mara hamsini ndipo utaamini.

Anza na fimbo namba 7, wala usiiguse draiva mwezi wa kwanza. Draiva ndiyo ndefu, ndiyo inayong'aa, na kila mgeni anaiparamia kwanza kwa sababu ndiyo anayoiona kwenye televisheni. Urefu wake ndio unaokuza kila kosa: uso wa fimbo ukifunguka kidogo tu, mpira unapinda kulia hadi kwa jirani. Kwenye sehemu ya mazoezi chukua mipira arobaini, piga nusu swingi, mikono ifike usawa wa kiuno tu. Wiki yangu ya kwanza nilipiga zaidi ya mia kwa siku moja kwa kiburi, kesho yake sikuweza kushika kalamu kwa malengelenge na mgongo ukanikumbusha umri wangu.

Sasa nikuambie walichochelewa kuniambia mimi. Kiwanja kamili cha mashimo 18 mara nyingi kimepangwa kwa mapigo 72, na katika hayo 36 yametengewa ile fimbo fupi ya kusukumia mpira shimoni, puta, mawili kwa kila shimo. Nusu nzima! Shimo lenyewe lina upana wa milimita 108, na puta haihitaji mwili wa kijana. Mimi nilianza kupunguza mapigo kwa kulaza bilauri kwenye busati sebuleni na kusukuma mipira kumi kila usiku baada ya watoto kulala. Ukikosa muda wa kiwanja, fanya hilo. Linakulipa kuliko saa nzima ya kupiga draiva.

Lakini si mapigo mabaya yaliyonipa aibu kiwanjani. Kwenye lile bonanza, shimo la tatu, mpira wangu uliingia kichakani. Nikautafuta. Nikawaita wenzangu watatu watafute nami, tukapekua kila jani kama tuliopoteza pete ya ndoa. Nilipoinua kichwa, nyuma yetu walikuwa wamesimama wazee wanne, mikono kiunoni, na nyuma yao kundi jingine. Mwenzangu mmoja akaninong'oneza, "Dada, watu wanasubiri." Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo nikajua. Hakuna anayehesabu mapigo yako. Walio nyuma yako wana matatizo yao na mpira wao. Wanachokiona kwako ni muda. Ukipiga vibaya upesi, watakusalimia kwa furaha na kukukaribisha tena. Ukipiga vizuri huku ukijivuta, hawatakupenda hata kidogo.

Kwa hiyo jifunze kanuni za muda kabla ya nyingine zote. Tangu 2019 kutafuta mpira kunaruhusiwa dakika tatu tu, zikiisha mpira umepotea, na kanuni inataka uongeze pigo moja la adhabu urudi ulikopigia. Kurudi huko ndiko kunakoua muda, kwa hiyo ukihisi mpira umepotea, tangaza kabla hujaondoka kwamba unapiga mpira wa akiba, kisha upige. Usipotangaza, huo wa pili ndio unakuwa mpira wako, hata ule wa kwanza ukionekana. Tembea na mipira miwili mfukoni. Amua fimbo utakayotumia wakati mwenzako anapiga, si baada ya yeye kumaliza. Na mkiwa mnacheza kirafiki, ukifikisha mapigo kumi kwenye shimo moja, okota mpira wako, utie mfukoni, ufurahie kivuli hadi shimo linalofuata. Hakuna polisi.

Kama alama ndizo zinazokunyima usingizi, tazama hesabu hii, kwa kuwa ndiyo fani yangu. Handikapu, yaani mapigo ya nyongeza anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake, inaruhusiwa kufika hadi 54. Gawanya kwa mashimo 18: mapigo matatu ya ziada kila shimo. Kwenye shimo la mapigo manne, ukimaliza kwa saba umecheza sawasawa na ulivyotarajiwa. Mchezo wenyewe umekutengea nafasi ya kuwa mbovu! Kuipata handikapu unawasilisha kadi za mashimo 54 kwa jumla, na unaweza kuyakusanya tisa tisa. Nakushauri tisa tisa. Mashimo 18 ni karibu saa nne za kutembea, na jua la Dar halina huruma kwa mhasibu.

Nikirudi kwa kedi. Wageni wengi humwona kama mbeba begi. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianzia kubeba mabegi ya watu, kwa hiyo anayekubebea fimbo pengine angekushinda akitumia mkono mmoja. Patana naye malipo kabla hamjaanza, asije akabaki anakisia. Msalimie kwa heshima ya umri wake. Kisha mwambie wazi: "Mimi mgeni, niambie kosa moja tu kwa leo." Ukimwachia aseme yote atasema kumi na tano, na utarudi nyumbani hujui hata kusimama. Mzee wangu anajua kila mteremko wa grini, lile eneo la nyasi fupi linalozunguka shimo. Wakati wa kusi anachuma majani mawili, anayaachia, ananibadilishia fimbo bila neno.

Wasioombwa je? Akina dada, hili ni lenu zaidi. Ukiwa unafanya mazoezi watakuja wanaume wazima, wema kabisa, kila mmoja na dawa yake. Wa kwanza atasema inua kichwa, wa pili atasema inamisha, wa tatu atakuja kukusogeza kiwiko. Wote wana handikapu 28, yaani nao bado wanahangaika. Jibu langu ni "Asante kaka, mwalimu wangu amenikataza kubadilisha," hata siku ambayo mwalimu sina.

Kuhusu fedha, usinunue seti mpya. Kanuni inakuruhusu fimbo zisizozidi 14, wala haikulazimishi kufikia hizo. Mwaka mzima nilicheza na tano za kuazima na za mitumba: namba 7, namba 9, moja fupi ya kurushia mpira karibu na grini, moja ndefu isiyo draiva, na puta. Mipira nunua ya kuokota, utaipoteza vilevile. Glovu ni moja, ya mkono wa kushoto kama unapiga kulia. Kuhusu mahali, Dar kuna Gymkhana, na kuna Lugalo ulio chini ya JWTZ lakini raia wanacheza. Arusha, Moshi na Morogoro nako viwanja vipo. Piga simu kwanza uulize wanampokeaje asiye mwanachama na anayeanza, maana kila klabu ina utaratibu wake. Vaa fulana yenye kola, acha jinzi nyumbani, zima mlio wa simu.

Adabu iliyobaki utaishika njiani: usisimame mbele ya anayepiga, usitupe kivuli chako kwenye njia ya mpira wake, usikanyage njia hiyo ukiwa kwenye grini, rudisha kipande cha nyasi ulichochimba. Mpira wako ukielekea kwa watu, piga kelele "Foo!" kwa sauti yote uliyonayo. Usione haya. Mimi mara ya kwanza nilisema "samahani" kwa sauti ya kanisani, mpira ukapita sentimita chache kutoka kwenye sikio la mtu.

Kuna jambo moja siwezi kukushauri, nalo ni bunka, yale mashimo ya mchanga. Najua kanuni: usiguse mchanga kwa fimbo nyuma ya mpira kabla ya kupiga. Najua na nadharia: fungua uso wa fimbo, piga mchanga nyuma kidogo ya mpira, mchanga utautoa wenyewe. Kwangu mchanga hutoka, mpira hubaki. Jumamosi iliyopita nilipiga mara nne, ya tano nikauokota, nikachukua reki nikasawazisha mchanga vizuri, nikatoka mbio kwa sababu kundi la nyuma lilikuwa limefika. Mzee wangu alikuwa ameshasimama shimo linalofuata na fimbo namba 7 mkononi. "Kwa reki, mama," akaniambia, "hapa hakuna wa kukushinda."