Uongozi ukiwa bado chuoni: shika jukumu kwanza, halafu tafuta wa kukuuliza maswali

Mdogo wangu, umeuliza kama ulipie semina ya uongozi yenye cheti au utafute mtu wa kukulea, na ndiyo kwanza uko mwaka wa kwanza hapa Goma. Mimi nilikuwa CP, yaani kiongozi wa wanafunzi, wa promosyo yetu (wanafunzi wa mwaka mmoja wa masomo), na sasa nawasindikiza wanafunzi wachache waliokuja nyuma yangu. Nitakujibu kwa niliyoyaona.

Semina si mbaya. Utazoea kusimama mbele za watu na kupanga maneno. Ila uongozi unakomaa pale ambapo kuna watu wanaokutegemea kwa jambo fulani, na jambo hilo linaweza kuharibikia mikononi mwako. Kama huna jukumu la namna hiyo, hata mlezi hodari atakosa cha kukushauri. Kwa hiyo anza na kitu kidogo: CP msaidizi, katibu wa kwaya, mweka hazina wa chama cha wanafunzi wa kwenu, msimamizi wa kikundi cha TP, yaani kazi za vitendo. Ukishakishika, ndipo utafute mtu.

Mlezi wangu alikuwa mama mmoja aliyemaliza masomo miaka kadhaa kabla yetu, mhasibu wa ushirika wa akiba na mikopo, tuliyesali naye kanisa moja huko Katindo. Nilipochaguliwa CP, kazi ya kwanza ilikuwa kukusanya pesa za silabusi, yaani nakala za masomo. Unajua zinavyokuja: huyu anakupa noti zilizokunjamana mlangoni mwa auditwari (ukumbi wa masomo), yule anatuma kwa M-Pesa bila kuandika jina, mwingine anaahidi mwisho wa mwezi. Nilimwendea kabla sijapokea hata faranga moja. Akaniuliza, "Nani amelipa? Pesa iko wapi? Na nani mwingine anajua iko wapi?" Swali la tatu ndilo lililonifanya nimpe msaidizi wangu daftari la pili, na kila Ijumaa tukawa tunasoma madaftari yote mawili mbele ya promosyo nzima. Ugomvi wa pesa haukutufikia mwaka ule.

Watu huchanganya mlezi na kocha. Mlezi anakupa aliyoyaishi: namna ya kumwandikia barua mkuu wa kitivo, wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza. Kocha anakuuliza mpaka jibu ulione mwenyewe. Njia mojawapo inayotumika sana ilienezwa na Mwingereza John Whitmore, aliyekuwa dereva wa mbio za magari kabla ya kuingia kazi hiyo. Ina hatua nne: unataka kufika wapi, hali ikoje sasa, njia zipi zipo, na utafanya nini, lini. Wanafunzi wengi huiruka hatua ya pili. Mtu anakuja kuniambia, "Promosyo yangu haina umoja." Namuuliza nani hasemi na nani, tangu siku gani, kwa sababu ipi. Mara nyingi tunakuta ni watu wawili watatu tu waliogombea nafasi katika kikundi cha TP, na wengine wote wanasalimiana vizuri.

Mei 2021 maswali ya namna hiyo yalitufaa kwa jambo zito kuliko silabusi. Nyiragongo, mlima wa volkano ulio karibu na mji wetu, ulilipuka Jumamosi usiku, tarehe 22. Ardhi ikaendelea kutetemeka, na tarehe 27 ikatoka amri ya kuhama sehemu kubwa ya mji. Watu wakamiminika Sake, Rutshuru, Gisenyi, wengine wakapanda boti kwenda Bukavu. Promosyo yetu ikatawanyika, na kundi letu la WhatsApp likajaa uvumi kwamba gesi iliyo chini ya Ziwa Kivu italipuka. Nilimpigia yule mama, naye yuko barabarani na watoto wake. Hakukaa kunipa pole. "Mko wangapi? Waliokujibu ni akina nani? Na hao walio kimya, nani hana simu yake mwenyewe?" Nikaketi kando ya barabara, nikafungua orodha ya mahudhurio, na mbele ya kila jina lisilojibu nikaandika mtaa na mwenzetu anayekaa karibu naye. Mwenzetu mmoja akabeba majina ya waliokwenda Sake, mwingine wa Gisenyi, mwingine wa Bukavu. Wasiokuwa na simu tuliwapata kupitia majirani zao. Wote walipatikana hai, na mpaka leo nikiikumbuka orodha ile namshukuru Mungu.

Sasa kuhusu kumchagua. Usikimbilie mtu mwenye jina kubwa mjini. Mtu aliyekutangulia kidogo bado anakumbuka shida zako, na ana nafasi ya kukusikiliza. Halafu, na hili nalisema kwa uchungu, asiwe mtu anayekupa alama. Kwenye vyuo vyetu alama za mtihani zimetumika vibaya mno dhidi ya wasichana. Mtu akikuita usiku, au ushauri wake ukaanza kuambatana na mambo ya mtihani, ondoka, na umwambie mtu mzima unayemwamini. Kutana naye mahali penye watu, mchana.

Na usingoje kuhitimu ndipo uwasindikize wengine. Ukifika mwaka wa pili, chukua mmoja wa mwaka wa kwanza. Mwache aendeshe mkutano wewe ukiwa umekaa nyuma, hata akibabaika. Mkitoka nje, muulize yeye kwanza alionaje, kabla hujafungua kinywa kumwambia ulivyoona wewe.

Ukimwendea huyo unayemtaka, usimwombe awe mlezi wako. Ombi hilo linamwelemea mtu asiyekujua. Mpelekee jambo moja. Andika hivi: "Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nimechaguliwa CP msaidizi. Wiki ijayo nagawa vikundi vya TP, na wawili wamekataa kukaa pamoja. Naomba nusu saa Jumamosi nikueleze ninavyofikiria, nawe uniulize maswali." Baada ya mgawanyo, mrudie umweleze ilivyokwenda, hata kama hakukuomba. Akisema hana nafasi, mshukuru, kisha muulize kama kuna mwenzake anayeweza kukusikiliza.